Alhamisi za Jirani

Wengine humwonea mwenzao wivu kwa gari, wengine kwa mume, wengine kwa nywele. Mimi, baridi ya mwaka wa pili wa korona, nilimwonea jirani yangu wivu kwa sababu alikuwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Aliyekaa magharibi ya Sydney miezi ile hatanicheka. Tulikuwa tumefungiwa. Polisi walipita mitaani kwa farasi, na helikopta ilizunguka juu ya maghala kana kwamba tumeficha kitu humo. Ukitoka, unatoka saa moja kwa ajili ya mazoezi, na mtu mmoja tu, na usipite kilomita tano. Katika hali hiyo, mtu anayebisha hodi mlango wa mwenzako kila wiki, akavua viatu, akaketi, akauliza, "Wiki yako ilikuwaje?" kisha akanyamaza kusubiri jibu, huyo ni mali. Hakuna duka hapa Auburn lililokuwa linauza kitu hicho, na mimi maduka ya Auburn nayajua mpaka milango yao ya nyuma.

Tulikaa ghorofa ya pili ya jengo la matofali karibu na reli. Ngazi moja, milango miwili inatazamana. Mlango wa kushoto ulikuwa wangu na binti zangu wawili, mmoja wa miaka kumi na minne, mwingine wa miaka sita. Mlango wa kulia ulikuwa wa mama mwenzangu kutoka upande wa Uvira, mjane, na wavulana wake watatu. Mume wangu alikuwa Queensland, kwenye kiwanda cha nyama. Alikuwa amekwenda kwa msimu mmoja, mpaka wa jimbo ukafungwa nyuma yake, akabaki huko akitupigia simu na kofia ya kiwandani kichwani. Mimi nilifanya zamu ya usiku kwenye ghala, kupakia maboksi ya vitu ambavyo watu waliofungiwa majumbani waliona hawawezi kuishi bila kuwa navyo. Mashine za kukimbilia. Vyungu vya maua. Nililala mchana.

Shida ilikuwa binti mkubwa. Shule ilipohamia kwenye kompyuta, alizima kamera, kisha akazima sauti, kisha mwalimu akasema hayupo kabisa. Mchana alilala. Chakula alichukua kwenye sahani yake ya bluu, akaenda kula chumbani. Alikuwa na kikombe chake, taulo yake, kona yake. Nikimsogelea, anasogea. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, neno moja: fine. Mtoto aliyekuwa akinisimulia ndoto zake tangu akiwa na miaka mitatu, mpaka namwomba apumzike. Nilianza kuamini kwamba ananichukia, na sikujua nimemkosea wapi ili niombe radhi au nigombane vizuri.

Ndipo shule ikapiga simu. Wakasema kuna shirika linalotembelea familia nyumbani, kusaidia wazazi ili watoto wasiyumbe, je, nitakubali mtu aje?

Sasa katika jumuiya yetu, simu ya namna hiyo ina tafsiri moja: wanakuja kuchukua watoto. Kila mtu anamjua mtu aliyechukuliwa watoto. Mimi, niliyeuza sufuria na vikombe Nairobi miaka minane kabla ya kuletwa hapa, napenda kuona bidhaa kwa macho. Nilikuwa nimeshauliza mara nyingi, huyo mama ni nani, anakaa wapi, nikampe pole? Anakaa Macquarie Fields, nikaambiwa. Nikiuliza watu wa Macquarie Fields, wanasema anakaa Auburn. Hata hivyo uvumi haungoji uthibitisho ili ukunyime usingizi. Nilikubali ziara kwa sababu kukataa kungeonekana vibaya, kisha nikafanya ambalo mama yangu angefanya.

Kwetu, mgeni mkubwa akija, nyumba inaazimwa. Si aibu. Wakija wakwe kuposa, viti vinatoka kwa huyu, vikombe kwa yule, zulia kwa mwalimu, na mgeni kabla hajafika barabarani kila kitu kimesharudi kwao. Mgeni mwenyewe anajua, maana hata yeye viti alivyokupokelea mwaka jana havikuwa vyake. Kwa hiyo nilivuka ngazi, nikamwomba jirani meza yake, viti vyake vinne, zulia na mapazia.

"Nani anakuja?" akauliza.

"Watu wa kanisa."

"Kanisa limefungwa, mama."

"Ndiyo maana wanakuja."

Alinitazama, akanipa. Alinisaidia hata kubeba. Sikujua kwamba naye alikuwa na sababu yake ya kutouliza sana: shule ya wanawe ilikuwa imempigia simu ileile, na alikuwa anaogopa uvumi uleule. Siku ya ziara yake aliidhani ni ile inayofuata yangu.

Mgeni alikuja Alhamisi. Alikuwa Mkenya, wa miaka thelathini hivi, kitambulisho kimening'inia shingoni, barakoa ya maua. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, chepesi, kinaruka mitaro. Moyo wangu ulitulia kidogo kisha ukashtuka tena, maana Mzungu unaweza kumdanganya kwa tabasamu, Mnairobi amezaliwa sokoni kama wewe.

Nilimuuzia nyumba yangu kama nilivyouza sufuria: ukiona mkwaruzo, si sufuria yangu. Aliona meza yenye kitambaa na taa ya kusomea. Aliona friji imejaa. Aliuliza napata usingizi, nikasema napata. Aliuliza mambo ya zamu za usiku, nikasema tumezoea. Binti mdogo, niliyemfundisha tangu asubuhi, alisema "tuko sawa" kabla hajaulizwa, akarudia ili kuhakikisha. Mkubwa alikaa kwenye kiti cha jirani akasema fine.

"Mama, kwa kweli umejipanga," yule dada akasema. Akaeleza kwamba familia ni nyingi na wao ni wachache, kwamba atatupigia simu mara moja moja, na nikihitaji kitu nisisite. Nikamsindikiza mlangoni kama mtu aliyeuza duka zima kabla ya saa sita.

Hakushuka ngazi. Alivuka, akabisha mlango wa kulia.

Nilisimama pale na mlango wangu wazi. Jirani alifungua, na nyuma yake niliona chumba kisicho na meza, kisicho na kiti, kisicho na zulia, madirisha matupu kama macho ya mgonjwa, na wavulana watatu wameketi sakafuni kuizunguka sufuria moja ya wali. Yule dada alisita kizingitini, kama mtu anavyosita mlango wa msiba. Kisha akavua viatu, akaketi nao sakafuni.

Ningefanya nini? Ningekimbia na meza mgongoni?

Jioni tuliirudisha. Ilikwama mlangoni, yeye upande wake, mimi upande wangu.

"Umenifanya maskini, mama," alisema.

"Si ungemwambia."

"Ningeanzia wapi? Aliuliza watoto wanasoma wapi, mkubwa akamwonyesha sakafu. Bon, nikanyamaza."

Tulicheka mpaka mguu mmoja wa meza ukagonga ukuta. Wiki iliyofuata alimweleza mgeni wake ukweli wa viti, naye, kwa maelezo ya jirani, akacheka hadi akashusha barakoa kufuta macho. Lakini aliendelea kuja. Shida ya jirani haikuwa viti, na simpunguzii hata kidogo: wavulana walikuwa wakienda shule bila chakula hata kabla ya kufungiwa, na yeye tangu azike mume alikuwa hawezi kufungua bahasha. Alistahili. Ndiyo maana wivu wangu ulikosa hata pa kujishikiza. Kumwonea wivu tapeli ni raha. Kumwonea wivu mtu anayestahili kunachosha.

Basi zikaanza Alhamisi. Nilizijua kwa sauti. Kengele ya chini, viatu vya buti kwenye ngazi, hodi, zipu za viatu, kicheko. Nililala saa za mchana, lakini Alhamisi usingizi ulinikataa. Nilijikuta jikoni naosha kikombe kimoja muda mrefu. Kwanza nilidhani ni mifuko ya chakula inayoniuma. Niliihesabu ilipowekwa mlangoni kwake, nikairudia, nikaona mafuta ya kupikia niyapendayo. Lakini jirani alinipa yale mafuta siku hiyohiyo, bila kuombwa, na wivu haukupungua hata tone. Nikajua si mafuta.

Ulikuwa ule ukimya baada ya swali. Kuta zetu zilikuwa nyembamba. Ningesikia, "Na wewe, mama, ulilala?" kisha kimya, kimya kirefu, mpaka jirani aanze polepole kuzungumza, aendelee, na mtu wa pili asimkatize hata mara moja. Tangu nimefika nchi hii nilikuwa nimeulizwa maswali mengi, lakini aliyeuliza daima alikuwa ameshika kalamu.

Siku moja nilimkuta jirani akianika nguo kwenye kibaraza.

"Mgeni wako hajambo?"

"Hajambo. Jana tumefungua bahasha zote. Nyingine zilikuwa matangazo ya pitsa."

"Kumbe alisomea chuo kikuu ili akusomee pitsa."

"Una wivu, mama."

"Wivu wa pitsa?"

"Mwite na wewe. Namba si alikuachia?"

"Mimi nimejipanga," nikasema. "Kasema mwenyewe."

Akabana shati kwenye kamba, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Endelea kujipanga," akasema, akaingia ndani.

Wiki kadhaa baadaye niliona kile kilichobadilisha mambo. Ilikuwa Alhamisi, nimetoka chumbani kutafuta maji, nikaona mlango wetu uko wazi kidogo na viatu vya binti mkubwa havipo. Nikachungulia. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia ya sweta kichwani, na yule dada alikuwa ngazi mbili chini yake, anafunga zipu za buti zake taratibu kuliko zipu inavyohitaji.

"Sasa mrembo, uko aje?"

"Niko poa," binti yangu akasema.

Niko poa. Kwa Kiswahili. Akaongeza kitu sikukisikia, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha zamani, kinachoanzia puani. Nilikuwa nimekitafuta nyumba nzima miezi yote ile, kumbe kimehamia ngazini.

Hapo wivu wangu ulihama mwenyewe. Jirani niliacha kumfikiria kabisa, na abaki na mifuko yake. Nilimwangalia yule Mkenya kama unavyomwangalia mfanyabiashara aliyepanga kibanda mbele ya kibanda chako, akauza kitu kilekile, na wateja wako wanamwendea kwa hiari. Alikuwa na nini? Mimi ndiye niliyembeba mtoto huyu mgongoni. Mimi ndiye niliyejua kwamba haogopi radi ila anaogopa ukimya baada ya radi. Yeye alikuwa na buti na neno "mrembo".

Alhamisi ya pili nilihesabu muda. Ya tatu nilimngoja chini, karibu na mapipa ya taka.

"Dada, nina neno."

"Karibu, mama."

"Binti yangu unamtakia nini?"

Alishusha begi. "Simtakii kitu. Anakaa ngazini, mimi navaa viatu. Tunasalimiana."

"Salamu za nusu saa."

"Dakika kumi, mama."

"Kumi na saba. Nimehesabu mara mbili."

Macho yake yalitabasamu juu ya barakoa, kisha yakaacha. "Sawa. Kumi na saba."

"Anakwambia nini?"

"Muulize yeye."

"Angekuwa ananijibu, ningekuwa nimesimama hapa na taka?"

Hakujibu upesi. Ule ukimya wake nilioutamani kupitia ukutani sasa ulikuwa wangu, bure, na sikuupenda. Kisha akasema, "Ukweli ni kwamba kikazi siruhusiwi hata hizo kumi. Yeye hayuko kwenye familia zangu, na wewe hujakubali nizungumze naye. Msimamizi wangu kaniambia niache. Leo nilitaka kumwambia, nikashindwa. Wiki ijayo nitamwambia."

Nilikuwa nimeshuka ngazi kudai hilo hasa. Lakini sokoni, muuzaji akikubali bei yako ya kwanza, usifurahi. Geuza sufuria utazame tundu. Niliigeuza. Nikaona binti yangu kwenye ngazi, ameambiwa aache, anarudi chumbani na sahani yake ya bluu, mlango unafungwa, na hakuna tena hata mtu wa kumwambia niko poa. Kama angepotelea humo, nani angemtoa? Mimi nilikuwa nimejaribu kwa ukali, kwa chapati, kwa maombi.

"Na nikikubali?" nikauliza.

"Nitaomba faili la familia yenu lifunguliwe upya. Nitakuja kwenu. Nitatembea naye saa ya mazoezi, mimi na yeye, inaruhusiwa. Tutazungumza pia wote pamoja."

"Sawa. Lakini atakachokwambia, nami unaniambia."

"Hapana, mama."

"Nusu yake."

"Mama."

"Yale makubwa tu. Madogo mkae nayo."

"Kama kuna hatari yoyote kwake, nitakwambia siku hiyohiyo. Hilo ni sheria, na hata bila sheria ningekwambia. Mengine ni yake. Akitaka kukupa, atakupa."

"Hakuna kupunguza?"

"Hiyo haipungui."

Nilimheshimu kwa hilo, jambo lililoniudhi zaidi. Nikamwambia aje.

Safari hii sikuazima hata kijiko. Alikuta binti mdogo anachora herufi kwenye ubao wa kupigia pasi, ulioshushwa chini, maana ndiyo meza tuliyokuwa nayo. Alikuta kompyuta moja, ya shule, kwa watoto wawili. Aliona nguo zangu za ghala kwenye ndoo bafuni. Nilimpa chai, akasema kazini kwao hawaruhusiwi kupokea, nikamwambia chai si zawadi, ni adabu, akafikiri, akanywa. Hapo alinishinda na nikamshinda.

Wakaanza kutembea. Kila Alhamisi wawili hao walishuka, nami nikawatazama kutoka kibarazani mpaka wapinde kwenye kona ya kwenda bustanini. Binti yangu alitembea akigeuza uso kwake. Mikono ilikuwa inazungumza. Niliweza kusoma mikono ya wateja wa soko la Gikomba kutoka upande wa pili wa barabara, lakini ile ya mwanangu mwenyewe sikuiambua hata neno. Wakirudi, anapita karibu yangu na harufu ya baridi, anakwenda chumbani. Nilijizuia kuuliza. Niliuliza. "Fine," akasema.

"Amesema fine," nilimwambia jirani.

"Alhamisi ngapi sasa?"

"Tatu."

"Mimi bahasha zilinichukua tano. Na bahasha hazina mdomo."

Wiki ya nne yule dada aliomba tuketi sote. Mume wangu tulimweka kwenye simu, tukamwegemeza kwenye bakuli la sukari. Mdogo aliketi mapajani pangu. Mkubwa alikaa mwisho wa godoro, mbali, na sahani na kikombe chake pembeni kama mtu aliye safarini. Dada aliuliza kila mmoja kinachomtisha. Mdogo alisema buibui. Mume wangu alisema, baada ya kukohoa kohoa, kwamba anaogopa atarudi watoto wamekuwa watu wengine. Mimi nilisema siogopi kitu. Simu ikasema, "Jamani, mke wangu," nami nikaiinamisha kidogo.

Zamu ya mkubwa ilipofika, alimtazama yule dada. Si mimi. Dada aliitikia kwa kichwa tu.

Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akaja Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, cha mtoto aliyekiacha nje kwenye mvua. Akasema ghalani kwangu watu wameugua, alisikia nikimwambia baba yake kwenye simu. Akasema mimi nikienda kazini yeye halali. Anangoja funguo mlangoni. Kisha nikishalala, anasikiliza ukutani kama ninakohoa. Masomo yanapoanza ndipo anaposinzia. Na kama hasinzii, kompyuta anampa mdogo, kwa sababu mdogo hajui kusoma bado na yeye anajua.

"Na sahani?" dada akamuuliza, polepole.

Akasema sahani ni ili tusiambukizane. Mama akipata, yeye awe hajapata. Ili abaki mmoja mzima wa kukaa na mdogo, maana baba hawezi kuvuka mpaka. Alikuwa amepanga kila kitu. Taulo yake, kikombe chake, kutosogelewa. Alijua hata nguo gani za mdogo angechukua iwapo mimi ningelazwa.

Kwenye simu nilisikia mashine za kiwanda cha nyama na mume wangu anapumua. Mimi nilikuwa na mambo mawili kifuani kwa wakati mmoja na sitajifanya lilikuwa moja. La kwanza ni kwamba mtoto hakuwa ananichukia. Alikuwa ananilinda kwa kunikaa mbali, akiwa na miaka kumi na minne, peke yake, kila usiku. La pili ni kwamba yule mwanamke alishajua. Nilimwona usoni. Habari iliyokuwa inanivunja mifupa yeye alikuwa ameibeba kwa wiki kadhaa kwenye buti zake, akinywa chai yangu.

Nilimwambia hivyo mlangoni, akivaa viatu.

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na hukusema."

"Alitaka akwambie mwenyewe. Alikuwa anajifunza namna ya kusema. Tumezunguka ile bustani mara nyingi akijaribu maneno. Kiswahili chake kilimtia aibu mbele yako."

"Mbele yangu?"

"Wewe unaongea sana, mama," akasema, kwa heshima zote, "na unaongea vizuri. Si rahisi kukufuata."

Kesho yake nilimwendea msimamizi wa ghala. Nilimwambia nataka zamu ya asubuhi. Akasema hakuna. Nikamwambia mchana kuna wanaume wawili wanaogombania zamu ya usiku kwa ajili ya nyongeza yake. Nimeshazungumza nao, achague mmoja. Alichagua. Jirani alikubali kukaa na binti zangu saa nilizo kazini, nami nikachukua safari zake zote za sokoni, kwa sababu foleni zile zilimtia kizunguzungu. Alitaka niongeze kumpikia samaki Jumamosi. Tulivutana, tukaishia samaki kila baada ya wiki mbili. Dada wa Alhamisi alitutafutia kompyuta ya pili. Usiku nililala nyumbani kwangu, na upande wa pili wa ukuta mtoto naye akalala.

Sahani ya bluu haikurudi sebuleni mara moja. Ilirudi siku nyingine, nyingine ikarudi chumbani. Shule ilisema yupo, kisha yupo kwa nusu, kisha yupo. Lakini Alhamisi ilibaki Alhamisi. Siku hiyo alichana nywele. Siku hiyo alitoka chumbani kabla ya kengele. Mimi sasa nilikuwa macho mchana, nipo, nafasi tupu kando yangu, na bado aliyemngoja hakuwa mimi.

Walipotufungulia, maduka yakafunguka, mpaka ukakaribia kufunguka, yule dada akatuambia kazi yake kwetu imekwisha. Walikuwa na familia nyingine zinazosubiri. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu mapipa ya taka. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokuwa mkarimu. Kisha nikamwona binti yangu akilitazama zulia lisilokuwapo, akisema fine.

"Mwezi mmoja zaidi," nikasema.

"Mama, mko vizuri sasa."

"Wiki tatu."

"Si mimi ninayeamua."

"Basi wiki mbili, na usivae buti. Zinakuchelewesha ngazini."

Alicheka. Akaenda kumuuliza msimamizi wake. Tulipata mbili. Ya pili walitembea saa nzima na zaidi, na waliporudi macho yao yote mawili yalikuwa mekundu. Binti alimkumbatia pale ngazini, kwa nguvu, na mimi nikaangalia mpini wa mlango.

Alhamisi iliyofuata alitoka chumbani saa ileile, amechana nywele, kwa mazoea tu. Alisimama sebuleni. Ukimya ulikuwa mkubwa, na nilikuwa na maneno mengi tayari ya kuutia, lakini nilivaa viatu. Akaniangalia. Akavaa vyake.

Tulipinda ile kona. Nilimwachia upande wa ndani wa njia. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, ya bembea mbili na bomba la maji. Miezi yote ile nilikuwa nimeiwazia kubwa. Tulizunguka mara ya kwanza bila neno. Mara ya pili aliniambia kuhusu msichana mmoja darasani aliyekuwa rafiki yake kabla ya kufungiwa na sasa hamjibu ujumbe. Alisimulia kwa mpangilio mzuri, akijua pa kusita na pa kucheka kidogo, na nilitambua kwamba alishaisimulia, kwa mwingine, kwenye mzunguko huuhuu. Nilikuwa napewa mtumba.

Niliuchukua. Sikuuliza bei. Alipofika mwisho nilikuwa na ushauri wa aina nne kuhusu yule msichana, nikaufungia mdomoni, na nikaendelea kutembea mpaka aanze tena.